Nyuma ya kigasha na mgongo wa mkono: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Mtu akijikata kiganjani, anakimbilia hospitali. Akijikata mgongoni mwa mkono anaosha, anafunga kitambaa na kuendelea na kazi. Katika kazi yangu ya fiziotherapia hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu wengi wanaoletwa na vidole visivyoinuka walianza na kidonda kidogo ambacho hakuna aliyekijali. Majibu haya yameandikwa kwa ajili yao na ndugu zao.

Tukubaliane kwanza juu ya maneno, maana neno "kiwiko" wengine hulitumia kwa kiungo cha katikati ya mkono na wengine kwa mahali pa kuvalia saa. Hapa nitasema kisugudi kwa kile cha katikati na kifundo kwa pale pa saa. Sehemu iliyo kati ya viwili hivyo ni kigasha.

Nyuma ya kigasha kuna nini hasa?

Kuna misuli 12. Michache ina kazi zake: mmoja husaidia kukunja kisugudi, mwingine kukinyoosha, na mwingine hugeuza kiganja kitazame juu, kama unapopokea chenji. Iliyobaki hufungua mkono, yaani huinua kifundo, hunyoosha vidole na hutanua kidole gumba.

Shika kigasha chako karibu na kisugudi, upande wa nyuma, kisha chezesha vidole kama mpiga kinanda. Utasikia nyama ikitembea chini ya mkono wako. Nguvu ya vidole inakaa huko juu. Kinachofika kwenye vidole ni kano tu, kamba nyeupe na bapa zilizolala chini ya ngozi bila mto wa nyama. Ndiyo sababu kipande kidogo cha kioo kinatosha kuzifikia.

Zinapopita kwenye kifundo, kano hizo hushikwa na mkanda mgumu uliogawanyika katika vichuguu sita. Bila mkanda huo zingetokeza kama kamba ya upinde kila unapoinua mkono. Na misuli yote 12 hupata amri kutoka neva moja, neva ya radiasi. Yote hutegemea njia hiyo moja.

Kama kazi yake ni kufungua tu, mbona nikiumia hapo nashindwa hata kushika kikombe?

Jaribu sasa hivi. Kunja kifundo kielekee chini kabisa, kisha finya kidole cha mkono wako mwingine kwa nguvu. Hufinyi kitu. Inua kifundo kidogo kuelekea nyuma, finya tena: nguvu imerudi. Kano za kukunja vidole hufanya kazi vizuri pale tu kifundo kinapokuwa kimeinuliwa, na kinachokiinua ni misuli ya nyuma. Kwa hiyo anayeshindwa kuinua kifundo hupoteza pia nguvu ya kushika jembe, ndoo na usukani, ingawa kiganja chake hakina jeraha lolote.

Kwa nini kidole cha pete hakiinuki peke yake?

Weka kiganja mezani, kunja kidole cha kati chini ya kiganja, kisha jaribu kuinua kidole cha pete. Hakiendi mbali. Mgongoni mwa mkono kano za vidole vya jirani zimeunganishwa na vijiutepe, na kidole cha pete ndicho kilichofungwa zaidi. Cha shahada na cha mwisho vina kano za ziada, ndiyo maana unaweza kuonyesha mtu kwa kidole cha shahada huku vingine vimekunjwa.

Ni umbile la kawaida, lakini vijiutepe hivyo vimewadanganya wengi, kama jibu linalofuata linavyoeleza.

Nilikatwa na kioo mgongoni mwa mkono lakini kidole bado kinanyooka. Si ina maana kano ni nzima?

Hapana. Kano ikikatika kabla ya kijiutepe, upande wa kifundo, kano ya jirani inaweza kukivuta kidole kupitia kijiutepe hicho, kikanyooka ingawa kwa udhaifu. Mpimaji mwenye haraka anasema "kiko sawa" na kukushonea ngozi tu. Baada ya wiki mbili kidole kinaanza kuinama.

Kipimo cha kweli ni kupima kila kidole peke yake, tena kwa kukisukuma chini huku mgonjwa akikiinua. Maumivu na udhaifu ukilinganisha na mkono mzima ni dalili kwamba kano imekatika, japo nusu. Kidole gumba kina kipimo chake: laza kiganja chote mezani, kisha inua gumba peke yake kuelekea dari. Kano inayofanya hivyo ni moja tu, hivyo hakuna jirani wa kuificha.

Kwa kata ya panga hadithi ni kubwa zaidi. Mtu anayejikinga huinua mkono mbele ya uso, na nyuma ya kigasha ndiyo inayopokea pigo. Hapo huweza kukatika misuli, kano kadhaa, tawi la neva na hata ulna, mfupa wa kigasha wa upande wa kidole cha mwisho, kwa pigo moja. Kidonda cha namna hiyo hakishonwi kwenye benchi la zahanati. Kinahitaji chumba cha upasuaji na mtu atakayetafuta ncha za kano moja moja. Kano ikiunganishwa siku za mwanzo matokeo huwa mazuri. Ikiachwa miezi, ncha hurudi nyuma, misuli hufupika, na mara nyingi daktari hulazimika kuazima kano ya sehemu nyingine.

Baba ameamka na mkono umelegea, kifundo kimening'inia. Ni kiharusi?

Mpelekeni hospitali leo, kwa sababu kiharusi lazima kiondolewe kwanza kwenye orodha. Angalieni uso, mguu na kauli yake. Uso ukipinda, mguu ukiwa mzito au maneno yakivurugika, msisubiri hata chai.

Lakini kama ni kifundo na vidole tu vinavyogoma kuinuka, na ganzi iko mgongoni mwa mkono kati ya gumba na kidole cha shahada, huenda ni neva ya radiasi. Neva hii huzunguka nyuma ya mfupa wa mkono wa juu ikiwa imeugusa mfupa wenyewe, na hapo hubanwa kwa urahisi. Mtu aliyelala fofofo, hasa akiwa amelewa, mkono ukiwa umening'inia kwenye kiegemeo cha kiti, huamka hivyo. Mkongojo unaokandamiza kwapa hufanya vilevile. Sindano iliyochomwa vibaya kwenye mkono wa juu inaweza kuijeruhi neva, na mfupa wa mkono wa juu ukivunjika katikati huweza kuivuta au kuichubua. Kifundo kikilegea mikono yote miwili pole pole, daktari aulize pia kuhusu sumu ya risasi, ile inayopatikana kwenye betri kuukuu za magari.

Neva iliyobanwa usingizini kwa kawaida hurudi ndani ya wiki au miezi michache. Iliyoumia kwa kuvunjika mfupa nayo hurudi kwa wagonjwa wengi bila kupasuliwa, ila inahitaji subira: neva inayoota upya huenda kama milimita moja kwa siku. Kutoka katikati ya mkono wa juu mpaka misuli ya kigasha ni safari ya miezi.

Kosa kubwa ni kukaa tu mkisubiri. Kifundo kivalishwe banzi linalokiinua, na kila siku mtu avinyooshe vidole vyote kwa mkono mwingine mpaka mwisho. Neva ikirudi ikakuta viungo vimekakamaa, kazi inakuwa mara mbili.

Jambo moja huwachanganya hata wahudumu: mgonjwa wa neva ya radiasi anaweza bado kunyoosha vifundo vidogo vya vidole, kwa sababu hivyo husaidiwa na misuli midogo ya kiganja inayotumia neva nyingine. Mpime kwenye vifundo vikubwa, vile vya kupigia konzi.

Mimi kifundo kinainuka, ila kinapinda upande wa gumba, na vidole havinyooki. Ngozi haina ganzi.

Hiyo inaelekea kuwa tawi la ndani la neva ileile. Karibu na kisugudi tawi hilo hupenya katikati ya msuli unaogeuza kiganja, na huweza kubanwa hapo na uvimbe, mfupa uliovunjika au ukingo mgumu wa msuli wenyewe. Msuli mmoja wa kifundo hupata amri yake kabla ya mahali hapo, ndiyo maana kifundo bado kinainuka na kupinda. Tawi hilo halihudumii ngozi, hivyo usitegemee ganzi. Linahitaji kuchunguzwa, kwa sababu uvimbe hauondoki kwa mazoezi.

Nimejifungua miezi mitatu iliyopita. Nikimwinua mtoto, maumivu yananichoma chini ya kidole gumba.

Pole, mama. Hili ni la kawaida sana, na wengi hulinyamazia wakidhani ni "baridi imeingia". Kano mbili za gumba hupita pamoja katika kichuguu cha kwanza, upande wa radiasi, mfupa wa kigasha ulio upande wa gumba. Ukimwinua mtoto kwa kumpitishia mikono kwapani, magumba yamesimama na vifundo vimepinda, kano hizo zinasuguana na kuta za kichuguu mara mia kwa siku. Kuta zinanenepa, nafasi inapungua. Daktari wa upasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, alieleza ugonjwa huu mwaka 1895, na bado unaitwa kwa jina lake. Wanaokamua nguo nzito na wanaosonga ugali wa watu wengi nao huupata.

Fumbata gumba ndani ya ngumi, kisha pinda kifundo taratibu kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Ukiruka kwa maumivu, dalili ni kubwa. Usirudierudie, kipimo chenyewe humuumiza kidogo hata mtu mwenye afya.

Anza na namna ya kumbeba. Pitisha viganja chini ya makalio na mgongo wake, kama unayebeba sinia, vifundo vikiwa vimenyooka. Vaa banzi linaloshika kifundo pamoja na gumba. Bandeji ya kifundo peke yake haitoshi. Kwa wanyonyeshaji wengi tatizo huisha kadiri mtoto anavyokua.

Likikaa, sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, ndani ya kichuguu husaidia wengi. Ila uliza jambo hili kabla hujachomwa, maana halisemwi vya kutosha kwa watu wenye ngozi nyeusi: dawa ikivuja chini ya ngozi inaweza kuacha baka jeupe na kubonyea, na baka hilo huweza kudumu miezi mingi. Na isiposaidia, si lazima iwe dawa mbovu. Watu wengi wana ukuta unaogawa kichuguu sehemu mbili, dawa ikaingia moja tu. Upasuaji wa kukifungua kichuguu ni mdogo, lakini mpasuaji lazima auone na kuufungua ukuta huo, na aliepushe tawi la neva ya ngozi linalopita juu yake.

Nilianguka na bodaboda, eksirei ikasema hakuna kilichovunjika. Wiki ya pili sasa na bado naumia.

Rudi. Nyoosha gumba kwa nguvu: pembeni mwa kifundo kinatokea kishimo kati ya kano. Kinaitwa kishimo cha ugoro, maana wavuta ugoro waliuweka hapo kabla ya kuunusa. Chini ya kishimo hicho kuna mfupa mdogo unaoitwa skafoidi. Ukibonyeza hapo ukaumia, baada ya kuangukia kiganja, wewe ni mgonjwa wa skafoidi mpaka ithibitishwe vinginevyo, hasa ukiwa kijana.

Ufa wake unaweza usionekane kwenye eksirei ya siku ya kwanza. Kinachotakiwa ni kufungwa, kisha picha irudiwe baada ya siku 10 hadi 14, au kupigwa picha za kina zaidi, CT au MRI, pale zilipo. Ninasisitiza kwa sababu damu ya mfupa huu huingilia zaidi upande wa vidole na kurudi nyuma. Ukivunjika katikati yake, kipande kilichoelekea kigasha kinaweza kukosa damu na kufa. Kijana aliyeambiwa "umeteguka tu" hurudi baada ya miaka akiwa na kifundo kilicholiwa na maumivu kila anapokaza mafuta ya pikipiki. Hogo, yaani plasta ngumu, la wiki kadhaa leo lingemwepusha na hayo.

Mama alivunjika kifundo, hogo limetolewa vizuri, lakini sasa gumba haliinuki ghafla.

Kuvunjika huko, mfupa wa radiasi ukirudi nyuma na mkono kuonekana kama uma uliolazwa, kulielezwa na Abraham Colles wa Dublin mwaka 1814, miaka 81 kabla ya eksirei kugunduliwa. Kina mama wa umri mkubwa hukupata kwa kuteleza tu uani, kwa kuwa mifupa imepungua uimara.

Kano ndefu ya gumba huzunguka kinundu kidogo cha mfupa huo kama kamba kwenye roda. Ufa ukipita hapo, hata usiohama, kano inasagika au inakosa damu, ikakatika wiki au miezi baadaye bila kuanguka tena. Wengi husikia kama kitu kimeachia, bila maumivu makubwa. Mwambie aweke kiganja mezani na kuinua gumba. Likigoma, hakuna zoezi litakaloirudisha. Mara nyingi mpasuaji huazima moja ya kano mbili za kidole cha shahada, na kidole hicho hubaki kikifanya kazi yake vizuri.

Nina kijibonge kigumu katikati ya kifundo, upande wa nyuma. Ni saratani?

Mara nyingi sana ni gangilioni, kifuko chenye majimaji mazito kama jeli kilichochipuka kutoka kwenye kiungo. Zima taa, kimulike kwa tochi ya simu ukiibana kwenye ngozi: mwanga ukipenya, ni maji. Vingi hupotea vyenyewe. Wazee wa Ulaya walivipiga kwa kitabu kizito. Usijaribu, utavunja mfupa na kifuko kitarudi. Kinachokua haraka, kinachouma usiku au kisichopenyeza mwanga kionwe na daktari.

Nilimpiga mtu ngumi, jino lake likanichana kidogo kwenye kifundo cha kidole.

Hakuna kidonda kidogo cha nyuma ya mkono ninachokiogopa kama hiki. Jino lilipopenya, ngumi ilikuwa imefumbwa. Ulipofungua mkono, kano na ngozi viliteleza na kufunika tundu, na bakteria wa kinywani wakabaki wamefungiwa ndani ya kiungo. Siku moja au mbili baadaye kiungo kimejaa usaha.

Usiseme kwa aibu kwamba ulikatwa na bati. Sema ni jino, maana matibabu ni tofauti: kidonda hufunguliwa na kuoshwa mpaka ndani, hakishonwi, na unapewa antibayotiki inayofaa na chanjo ya pepopunda. Daktari ataangalia pia hatari ya homa ya ini na VVU. Dawa za kuzuia VVU zikihitajika, zianzwe mapema na kabla ya saa 72.

Mgongo wa mkono umevimba sana lakini hauumi nikiubonyeza. Usaha uko wapi?

Tazama kiganjani. Ngozi ya mgongo wa mkono imelegea, ya kiganja imebana, na maji ya uvimbe kutoka kiganjani hupanda kuelekea nyuma. Jipu lililofichika kiganjani linaweza kuonekana kama uvimbe wa nyuma. Nimeona mkono ukipasuliwa mgongoni na kutoka maji matupu, huku usaha ukiendelea kuharibu upande wa pili. Bonyeza pote kwa kidole kimoja. Panapouma zaidi ndipo penye tatizo.

Mwenye kisukari asingoje kabisa. Wagonjwa wa Dar es Salaam waliotibiwa kati ya 1998 na 2002 waliandikwa katika taarifa ya kitaalamu iliyoeleza mkono wa kisukari wa nchi za joto: mchubuko mdogo au kuumwa na mdudu, uvimbe, kisha kuoza kwa kasi. Wengine walikatwa viungo, wengine walifariki. Kuchelewa kufika hospitali kulikuwa sehemu kubwa ya msiba huo. Watu wenye kisukari wamefundishwa kukagua miguu. Wakague na mikono.

Naumia nje ya kisugudi nikikamua nguo au kukaza skrubu. Sichezi tenisi, mbona nimeambiwa ni kisugudi cha tenisi?

Wengi wanaougua hawajawahi kushika raketi. Ni chanzo cha msuli mmoja unaoinua kifundo, na huchoka kwa kushika kwa nguvu tena na tena. Wengi hupona ndani ya mwaka kwa kupunguza kazi inayochokoza na kufanya mazoezi ya kuimarisha, ukiongeza uzito kidogo kidogo. Inua vitu kiganja kikitazama juu. Sindano ya steroidi hutuliza wiki chache, lakini majaribio yameonyesha kuwa mwaka mmoja baadaye waliochomwa hawawi na nafuu kuliko wasiochomwa, na pengine huwa na hali mbaya zaidi. Mimi humshauri mtu aanze na mazoezi.

Fundi wa mifupa amefunga mkono wa mtoto kwa mabanzi, na analia usiku kucha.

Fungueni sasa, kabla ya kusoma jibu lililobaki. Kigasha kilichovunjika huvimba ndani ya kifuniko kisichotanuka, na banzi au hogo la kubana hukata damu. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, na mtoto kupiga kelele ukimnyoosha vidole, ni hatari hata kama vidole bado vina joto. Misuli huanza kufa ndani ya saa chache. Nendeni hospitali usiku huohuo.

Saa ya mkono inanibana na kuniachia ganzi mgongoni mwa gumba.

Tawi la ngozi la neva ya radiasi limekandamizwa. Pingu husababisha vilevile. Legeza, hurudi kwa muda.

Nilikuwa nachomekea shuka, ncha ya kidole ikainama na hainyooki. Haiumi sana.

Kano imeng'oka kwenye mfupa wa mwisho wa kidole. Mpira ukigonga ncha ya kidole hufanya hivyohivyo. Piga eksirei kuona kama imeondoka na kipande cha mfupa. Kwa wengi tiba ni banzi dogo linaloishika ncha ikiwa imenyooka, usiku na mchana, wiki 6 hadi 8, huku kifundo cha katikati ya kidole kikiwa huru. Ukitaka kuosha au kukausha ngozi, laza kidole mezani kwanza, toa banzi kikiwa kimelala bapa, na kirudishiwe bila kuinuliwa. Kikiinama hata mara moja, hesabu inaanza tena siku ya kwanza.